Sifa, Nirudishie Funguo ya Site Yangu

Mdogo wangu Sifa,

Unisamehe, barua hii ilipaswa kukufikia zamani. Mara réseau ya simu haiko, mara simu imezima, mara mutoto ameiangusha mu maji ya kuoshea vyombo. Lakini nisikudanganye. Hata siku réseau ilikuwa nzuri nilikuwa naandika "Sifa", halafu nafuta. Nilikuwa na hasira, na mama alitufundisha kwamba hasira haitumwi mbali, inaweza kumukuta mutu akiwa mezani. Sasa siwezi kungoja tena.

Ninaiweka wazi hapa kwenye grupu ya wamama wenye wanafuata mapishi yangu ya fromaji, ile jibini ya maziwa, sababu wao pia wananiuliza kama kweli ni mimi nilisema yale maneno. Mmoja ameandika, "Mama Fromaji amekuwa mujournaliste, mutu wa habari!" na vicheko nyuma. Basi wasome wote. Wewe usome mara mbili.

Unakumbuka shamba la Karuba? Lilikuwa la yule mwenye ferme ya ng'ombe. Sisi tulikodi upande wa chini, karibu na kijito. Kila msimu maharagi, kila msimu viazi. Siku moja ukatoka kwa bibi umebeba mche wa mugomba, umeufunga na kitambaa kama mutoto mchanga, ukamuuliza papa tuupande wapi.

"Sifa, mu udongo ya kukodi hatupande mugomba."

"Juu ya nini, papa?"

"Maharagi inaota, unavuna, unaenda. Mugomba njo inasema mutu iko kwake. Wakiuona tu, watatufukuza."

Ulinuna mpaka jioni. Na msimu ule ule, mbele ya kuvuna, mwenye ferme akafungulia ng'ombe ziingie mu maharagi yetu. Tulisimama pale na majembe mkononi. Zilikula polepole, hazikuwa na haraka yoyote. Mchungaji akasema, "Musiniangalie vile, ng'ombe si zangu." Papa akakushika mkono tukapanda mlima mpaka nyumbani.

Tulipoanza video zetu, tulianza tena kama wapangaji, si ndiyo? Ukurasa wa bure kwenye mtandao wa watu. Wewe unashika simu, mimi nashika sufuria. "Dada, cheka kidogo! Unaangalia simu kama unaangalia préfet wa masomo kule shuleni." Tulionyesha namna maziwa yanaganda, namna ya kukata ule mugando bila kuuponda, kuusindika, kuutia mu maji ya chumvi, kugeuza fromaji kila asubuhi kwenye ubao ili isioze upande mmoja. Wamama wa mbali sana walikuwa wanauliza maswali, na mimi mwenye sikumaliza humanités, ile sekondari, nilikuwa najibu. Nilisikia kama nimesimama mahali pa juu.

Halafu asubuhi moja ukurasa hauko. Wenye mtandao wameufunga, hawakusema sababu, na hakuna mlango wa kubisha. Wewe ulikuwa umeshafika Kampala. Ukanitumia sauti: "Dada, usilie. Tutajenga site yetu, ukurasa wetu wenyewe, na jina lako juu. Hapo hakuna mutu atatufukuza. Tutapanda mugomba!" Nilicheka mpaka mutoto wangu Baraka akaja kuniangalia mulangoni. Ukaiandikisha kwa jina lako na email yako, sababu huko réseau ni nzuri. Nikasema sawa, ni damu yangu.

Sasa nisikilize vizuri. Ile video ya maziwa niliyokutumia kabla ya mvua, ndani yake kuna mahali bunduki zinalia ngʼambo ya mlima. Mimi nafunika sufuria, navuta watoto kwangu, nasema, "Tungoje kidogo, hawa watu wanatuchosha." Halafu nafunua, naendelea. Nilikuambia ukate pale. Wewe umekata vingine vyote, umebakiza pale tu, na juu umeandika: "Mama wa Masisi awashitaki wenye bunduki." Na sura yangu kubwa kama sahani.

Nilipokuuliza, ulijibu, "Lakini dada, fromaji watu wanaiangalia wakiwa na nafasi. Vita wanaiangalia wote. Site imejaa watu!"

Wanaangalia, Sifa, halafu wanazima simu wanalala. Mimi nabaki ndani ya ile video.

Papa Baraka, bwana yangu, aliiona kule Walikale alikoenda kutafuta kazi. Alikuwa anapanga kurudi kidogo kidogo kupitia msituni. Akanipigia: "Mama Baraka, sura yako iko mu simu za vijana wa barrière ya barabarani. Wakiniuliza mimi ni bwana ya nani, nitajibu nini?" Sasa amekaa kule, mimi nimekaa hapa, na barabara katikati imefungwa hata kwa wale hawana video.

Na juzi wamekuja hapa nyumbani, wale wa barrière. Walikuwa watatu. Mkubwa wao akakaa juu ya bidon ya maziwa, akatoa simu.

"Vedette, nyota ya video, ni weye huyu?"

"Ni mimi, chef."

"Hapa juu, ni weye uliandika?"

"Hapana."

"Site ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi itoe video hii mu site, tuone."

"Siwezi, chef. Funguo iko na mdogo wangu, iko mbali."

Akawaangalia wenzake. "Munasikia? Nyumba ni yake, funguo hana!" Wakacheka, na mimi, Sifa, nikaona aibu kuliko woga. Akachukua fromaji moja kwenye ubao, akauma. "Iko muzuri. Hii njo ungekuwa unaonyesha."

"Hii njo nilikuwa naonyesha," nikamwambia.

Akaacha kucheka. "Siku ya soko nitarudi. Nikute video haiko tena. Mpaka pale usivuke ile kona ya barabara."

Kwa hiyo niko hapa. Maziwa yanapita barabarani siyanunui. Baraka anauliza kwa nini hatuendi kwa shangazi, namwambia mama amechoka, na hiyo si uongo. Natembea kutoka jiko mpaka mulango, kutoka mulango mpaka jiko. Hata video ya kueleza ukweli siwezi kuweka, sababu mu site yenye jina langu mimi si kitu. Mwenye ferme safari hii ni wewe, mdogo wangu, na ng'ombe ziko mu maharagi.

Usijibu kwamba ulitaka kunisaidia. Ninajua. Wewe njo ulinishikia mutoto usiku ule nilipokuwa na homa, wewe ulinifundisha kucheka mbele ya simu. Sitakukana. Lakini hii kazi ni ya mikono yangu na sura yangu, na sura yangu hauwezi kuigawa bila kuniuliza. Ukitaka kuonyesha vita, onyesha na sura yako mwenyewe. Site nitaiendesha mimi, polepole, na fromaji yangu na watu wake wachache.

Kaa salama huko, vaa nguo ya joto, usikae na njaa juu ya kazi. Watoto wanakusalimia, mdogo wao bado anaita jina lako kila akiona simu.

Vitu ninavyokungojea unitumie ni hivi. Kwanza utoe ile video mu site, leo, mbele hata ya kunijibu. Neno la siri la site na la ile email, lote, na herufi kubwa mahali ziko. Usiliweke hapa grupu, nitumie mimi peke yangu. Video yenyewe nzima, vile nilikutumia. Dawa ya kugandisha maziwa, pakiti ndogo, ukipata mutu anakuja Goma. Viatu vya Baraka, vya kufunga na kamba, amekua. Na sauti yako, si maandishi: useme wewe ni Sifa, kwamba yale maneno ya juu uliyaandika wewe, na kwamba dada yako alikuwa anapika tu. Ifike mbele ya siku ya soko, nimuchezee yule chef sauti hiyo pale mulangoni.

Dada yako,
Mama Baraka