Kwa Nini Mama Hapokei Simu Zako

Kwa Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi huku ni wazima, ingawa uzima wenyewe, kama utakavyoona, una maelezo yake.

Ujumbe wako nimeupata, na huu ni wa tatu. Unauliza kwa nini Mama hapokei simu zako, mwezi wa tatu sasa, na kama amebadilisha namba. Hajabadilisha. Simu yake iko pale juu ya meza dukani, ina chaji, na akiona ni wewe huigeuza kifudifudi na kuendelea kusugua lenzi. Nimeshindwa kukujibu kwa simu kwa sababu ningekatisha njiani. Kwenye karatasi siwezi kusingizia mtandao.

Nianze na dukani. Unamjua mama yetu. Mafundi miwani wengine huweka daftari, yeye huweka wateja kichwani. Mtu akiingia tu, kabla hajakaa, Mama ameshamtajia namba za macho yake yote mawili na mwaka alioikalia fremu ikavunjika. Basi mwanzoni mwa mwaka yule mwalimu wa hesabu alirudi na miwani mipya, akilalamika kwamba ngazi za shule zinamjia usoni. Lenzi ya kulia ilikuwa imewekwa kushoto na ya kushoto kulia. Mama alicheka, akazibadilisha, akasema ni uchovu. Wiki mbili baadaye mshona viatu wa jirani akapewa miwani ya mtu mwingine kabisa. Safari hii Mama hakucheka. Alifunga duka kabla ya saa sita mchana, akaja kuniambia, bila kunitazama, kwamba kuna asubuhi anashika ile bisibisi ndogo na hakumbuki alitaka kukaza nini.

Wakati huo kule maabara ninakofanya kazi tulikuwa na mradi wa utafiti. Tunapima damu za wazee walioanza kusahau, na za wenzao wasiosahau, tukitafuta viashiria vya mchochota. Mchochota ni ule moto ambao mwili huuwasha unapopambana na kidonda au ugonjwa. Watafiti wanataka kujua kama moto huo, ukiwaka polepole miaka mingi bila mwenyewe kuusikia, una mkono katika kuharibu kumbukumbu. Wanataka kujua, Kaka. Hawajajua. Hilo nililisoma kwenye karatasi za mradi, likanitoka siku ileile nilipolihitaji.

Nilimshawishi Mama ajiunge. Nesi akampima kumbukumbu kwa maswali, akamtoa damu, akampa kadi yenye namba badala ya jina. Sheria yetu ni kwamba anayepima damu hajui ni ya nani. Lakini ile kadi niliiona kwenye pochi ya Mama nilipokuwa namtafutia kitambaa, na namba ikanikaa. Majibu ya kundi lao yalipotoka nikateremsha kidole kwenye orodha, huku nikijiambia kwamba naangalia tu kama yamekamilika. Kiashiria cha Mama kilikuwa mara nne ya kiwango cha kawaida. Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, juu ya koti la mwenzangu pamoja na kalamu zake zote.

Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na nimeangalia nisichoruhusiwa? Nikaanza kumchunga Mama. Akiuliza kitu mara mbili, nahesabu. Akinyamaza, nahesabu pia. Siku ya tano nikaenda dukani, nikamwambia sasa apumzike, nikachukua funguo na kubandika tangazo mlangoni. Alinitazama juu ya miwani yake akauliza ni nani aliyeamua. Nilimjibu, na jibu lenyewe nitakuambia, nivumilie kidogo.

Wiki tatu alikaa nyumbani kama mgeni asiyejua aweke wapi mikono yake. Alipangua kabati, akalipanga, akalipangua tena. Kisha daktari wa mradi, tunayemwita Daktari Ngoja kwa sababu hajibu kitu kabla hajanyamaza kwanza, akamwita kwa ajili ya yale majibu. Alimuuliza kama kuna mahali panamuuma. Mama akasema hakuna. Daktari akanyamaza, halafu akamwomba afungue mdomo. Kaka, gego la chini lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, na usaha umejaa! Tangu mwaka jana Mama alikuwa anatafuna upande mmoja na halali vizuri, akatuficha sote kwa kuogopa koleo la daktari wa meno. Likang'olewa, akapewa dawa. Baada ya wiki sita alipimwa upya, na kiashiria kilikuwa kimeshuka karibu na kawaida.

Siku alipong'olewa lile jino nilijifungia chooni nikalia, kisha nikaenda kwa Daktari Ngoja kukiri nilivyochungulia. Alifunga faili lililokuwa mbele yake. Halafu akasema kwamba kiashiria kile hupandishwa na jino, na goti, hata na mafua makali, na peke yake hakiwezi kumwambia mtu lolote kuhusu kumbukumbu zake. Nimehamishiwa kwenye kupima mkojo hadi kamati ikae. Silalamiki. Kuhusu yale maswali ya nesi, Mama alikuwa chini kidogo ya watu wa umri wake, kidogo tu, na atarudia baada ya miezi sita. Huenda ni jino na kukosa usingizi. Huenda kuna jambo limeanza. Nilimbana Daktari aniambie ni lipi, akakataa, kwa kuwa hajui.

Funguo za duka nilimrudishia Mama jioni ileile ya kung'olewa jino.

Sasa lile jibu. Mama alipouliza ni nani aliyeamua, nilisema ni wewe. Nilisema umenipigia simu, na umesema akili yake si ya kuaminiwa tena, duka lifungwe kabla hajampofusha mtu. Maneno yote yalikuwa yangu. Nilikutwisha kwa sababu uko mbali, na mimi ndiye ninayekaa naye meza moja asubuhi na jioni. Nisamehe, Kaka.

Jumatatu nilimweleza Mama ukweli. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasema, "Kumbe nimemnunia mwanangu bure." Akanishika mkono, akaahidi kukupigia mwenyewe jioni. Hakupiga. Nikadhani ni aibu. Alhamisi ukapiga tukiwa wote dukani, akaigeuza simu. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa uchungu uleule wa siku zote, "Huyu si ndiye aliyenifungia duka?"

Nikamweleza upya, mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza, akavua miwani, akaifuta, akasema amekununia bure. Maneno yaleyale. Sijui kama ni kusahau au ni hasira iliyogoma kutoka. Daktari sijamwambia bado, kesho nitamwambia. Leo asubuhi nimechungulia simu ya Mama. Hajakupigia.

Usipige tena, Kaka. Njoo. Nimemwambia mara mbili, na mara ya tatu naogopa kuwa peke yangu. Njoo ukae mbele yake nikiri mkiwepo wote wawili, ili hata maneno yangu yakimtoka, abaki akijua kwamba ulikuja.

Nisalimie wifi sana, na wanangu wote wawili waambie shangazi yao anawawaza. Salamu za Mama sikutumii, kwa sababu hajanipa, na sitaki kukuandikia uongo mwingine.

Nakusubiri.

Mdogo wako,
Kidomo