Gomesi Juu ya Mzinga

Jumanne, Agosti 1976

Bado nacheka ninapoandika haya.

Ule mzinga mdogo waliouweka wanajeshi kando ya migomba yangu naujua tangu nilipopigana vita vya Uhabeshi. Ni mzee mwenzangu. Unapiga ndege, unapiga lori, unatoboa hata kifaru chepesi. Leo mke wangu Nalongo kaupa kazi mpya: kaanika juu yake gomesi, gauni lake pana la kwendea harusi.

Afande akaja, macho mekundu. "Nani naanika nguo kwa mzinga ya serikali? Nataka kulala ndani?"

Nalongo akapiga magoti. Watu wanachukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo, hawarudi. Mdomo wangu ukanitangulia: "Afande, tunauficha. Ndege ya adui ikipita, itaona mama tu."

Akatazama juu, akatazama gomesi. "Mzee, kumbe iko na akili! Basi nguo nakaa hapo. Nani natoa, mimi nafunga yeye."

Tumepona. Ila Jumamosi mpwa wa Nalongo anaolewa, na sasa hivi anaikata kanzu yangu kwa mkasi ajishonee gomesi nyingine. Nikimuuliza mimi nitavaa nini, ananijibu nikamuulize afande.