Mwalimu, Tangulia

Jumamosi, 5 Julai 2003

Kosa la wengi wanaoendesha baiskeli kwa kundi ni kumtazama aliye mbele tu. Wa nyuma hatazamwi. Naandika nimeegemea ukuta, kifua bado kimebana.

Tulitoka baada ya alfajiri, kama kila Jumamosi. Mimi, Athumani rafiki yangu tangu jandoni, na vijana wawili niliowafundisha, Issa na Shabani. Hakuna anayenipita. Ni adabu, mkubwa hutangulia. Vijana husema, "Mwalimu, tangulia. Sisi tukupite tuna nini?" Nami nikisikia minyororo yao nyuma yangu naona haya kupunguza mwendo. Leo kilima cha Mikindani kilinikaba. Niliogopa kufa. Kisha nikaogopa kuchekwa. Nikaendelea kukanyaga.

Jumatano, 9 Julai

Presha iko juu. Daktari hajanikataza baiskeli. Kipimo chake ni chepesi: mwendo unaokufaa ni ule ambao ukiwa nao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Sikumbuki lini nilizungumza barabarani.

Jumamosi nitawaambia.

Jumamosi, 12 Julai

Sikuwaambia. Waliponitanguliza nikatangulia.

Njia ya Mpapura. Mchanga, kisha kilima, mikorosho pande zote. Nikajaribu kusema jina langu na la baba yangu kwa sauti. La baba halikutoka. Nikasimama, nikasingizia mnyororo. Issa akafika, Shabani akafika. Athumani hakufika.

Tukarudi. Kila kona nilitegemea kuona maiti. Tulimkuta chini ya mkorosho, shati limelowa, midomo imepauka, mkono kifuani.

"Athumani, mbona hukuniita?"

"Nikuite kwa pumzi gani, bwana? Zote nimezimaliza kukufukuza wewe."

Issa akajitupa chini, naye anahema. "Mwalimu, hata sisi unatuua. Tunasemaga mzee huyu ana mapafu ya ng'ombe."

Kumbe. Mimi nawakimbia wao, wao wananifuata mimi kwa heshima. Hakuna hata mmoja aliyeutaka mwendo ule.

Pikapu ya mihogo ikatubeba hadi hospitali.

Jumapili, 13 Julai

Amelazwa. Moyo. Bi Zainabu, mkewe, hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mlango ukibishwa nashtuka.

Jumatano, 23 Julai

Ametoka. Amekonda. Ameuliza habari za baiskeli yake kabla ya kuuliza habari zangu. Nikacheka, halafu nikaogopa tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Daktari amemruhusu. Njia tambarare, taratibu. Tutakwenda Shangani tu.

Jana niliwaeleza vijana kama ninavyoeleza darasani. Mwendo wa kundi ni wa yule mwenye pumzi fupi kuliko wote, na yeye ndiye anayetangulia, awe mkubwa awe mdogo. Issa akasema, "Basi Shangani tutafika Idi." Sawa. Tufike Idi, tufike wanne.

Hofu haijaniisha. Kifua changu nacho nakisikiliza.

Matairi yamejaa upepo. Nje Athumani anajifunga suruali kwa kamba isishikwe na mnyororo, anapiga mluzi.

Mwalimu, leo mweke Athumani mbele, kaa nyuma yake, mzungumzishe. Akinyamaza, shukeni baiskeli.