Kijiti Kimoja cha Udi

Jumatatu, 7 Julai
Nimefika kishambani kutoka kazini, mpira wa maji uko kwa Bwana Harish tena, kwenye dania yake ya mchuzi. Kama jana. Bomba ni moja, vishamba vya kukodi ni vinne kwenye mstari. Chake kiko bombani, changu mwisho kabisa. Mzee amezaliwa Kisumu, Kiswahili anakijua, hawezi kusingizia hanielewi. Nimechota kwa ndoo. Mgongo unauma. Mchicha umelala.
Nyuma ya uzio mfereji umejaa, mashua za watalii zinapita. Kuchota ni marufuku. Nilitamani kulia.

Jumanne, 8 Julai
Sura ya tatu ya tasnifu yangu imerudi. Nimeandika kurasa na kurasa kuhusu mifereji ya wafalme wa China, na msimamizi wangu chuoni anauliza pembeni: mkulima yuko wapi? Yuko hapa, ana ndoo! Kwenye Mfereji Mkuu mashua za nafaka za mfalme zilitangulia. Kiangazi, mkulima wa kando alikatazwa kufungulia maji shambani kwake. Nimeyaandika hayo kwa hasira mpaka chai ikapoa.
Mama Neema amegonga mlango. Jirani yangu hapa ughaibuni, Newtown, mtu wa Bukavu. "Mwanangu, lengalenga ya mariage iko namna gani? Wageni ba Neema batakula nini?" Lengalenga ni mchicha huohuo. Nimemwahidi kapu kubwa, harusi ya bintiye ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikasema unaendelea vizuri. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 10 Julai
Mkutano wa vishamba. Nimewaeleza walivyofanya baadhi ya wanavijiji wa China: maji kwa zamu, anaanza wa mwisho wa mfereji, zamu inapimwa kwa kijiti cha udi. Kikiisha kuungua, unampisha mwenzako. Wamependa! Bwana Harish kuliko wote. "Udi mimi iko nayo mingi nyumbani, dada."
Kila mtu aje na kijiti chake. Hilo nimelisema mimi, kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 12 Julai
Sina la kusema. Ninalo. Kijiti changu, cha duka la Stratford Road, kimeliwa na upepo kabla sijamaliza tuta la pili. Kisha wenzangu wawili, kisha Bwana Harish. Chake ni cha hekaluni. Kinene kama kidole gumba, kirefu kama mkono wangu. Zamu ilitakiwa kunirudia jioni. Jioni bado kinafuka, mpira bado kwake.
"Sheria nasema kijiti moja. Hii si moja?"
Mwenyekiti wa vishamba akacheka. Nikamfokea mzee wa watu mbele ya wote: "Mchicha ule ni wa harusi ya mtoto wa Mama Neema! Dania yako inaolewa lini?"
Akaangalia viatu vyake. Nimeona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Jumatano, 16 Julai
Nimekwama chuoni kutwa. Sura iandikwe upya, yote. Zamu yangu imepita. Jua halina huruma. Sijakanyaga kishambani tangu ugomvi, sitaki kuuona mchicha ukifa. Nikimkuta Mama Neema kwenye ngazi nitamwambia nini?

Ijumaa, 18 Julai
Nimekwenda na mfuko mdogo, niokote kitakachokuwa kimebaki.
Matuta yangu yamelowa. Mchicha umesimama, majani mapana. Mpira umekunjwa vizuri pembeni. Kwenye kona ya tuta kumechomekwa kijiti kinene, kimeungua hadi udongoni.
Bwana Harish alikuwa kwake, amenipa mgongo, anamwagilia dania kwa ndoo.
Nikarudi nyumbani kuchukua kapu kubwa.