Barua Uisome Peke Yako

Chekoslovakia, 20 Novemba 1988

Baba yangu mpendwa, mzee Enoka,

Shikamoo. Habari za Isansa? Mama hajambo, na mguu wake umepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Umeniuliza mbona sijaanza udaktari. Baba, kwanza lugha. Mwaka mzima ni Kicheki tu, na mwezi wa sita tuna mtihani. Anayefeli anarudishwa nyumbani. Kicheki cha kuombea mkate nilishakipata. Kinachotakiwa ni cha kusikiliza mihadhara na kumhoji mgonjwa. Moyo wanauita "srdce". Herufi nne zimebanana bila vokali, ndipo inakuja moja mwishoni. Siku ya kwanza nilipolitamka, mwalimu wetu, mama Nováková, alinitakia afya njema, akidhani nimepiga chafya.

Hata majina ya watu yanabadilika. Marita akija ni Marita. Nikimwona ni Maritu, nikimpa kitu ni Maritě, nikitembea naye ni Maritou. Najua mdogo wangu ndiye anayewasomea barua hii kwa sauti, na hapa atacheka. Mwacheni acheke.

Mwanao,
Lusubilo

Isansa, 29 Januari 1989

Mwanangu Lusubilo,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako anatembea bila fimbo. Marita alicheka kweli, akacheka mpaka akakohoa.

Nina habari njema. Mdogo wako amechumbiwa. Kijana anaitwa Joshua, wa Tunduma, ana meza ya vitenge pale mpakani. Watu wake ni wa kanisani, waliingia kwangu kwa adabu. Harusi ni Agosti.

Mama yako ana wasiwasi wake. Anasema Marita akipanda kutoka mtoni na ndoo hukaa chini mara mbili njiani, na akilala lazima aegemee ukuta. Juzi alikohoa, kitambaa kikawa na rangi ya damu. Mimi nasema ni vumbi la mashine ya kusaga, na deko la mtu anayekaribia kuolewa. Wewe usihangaike na hayo, soma.

Baba yako,
Enoka

Chekoslovakia, 14 Juni 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Barua hii, baba, usimpe Marita aisome. Uisome peke yako, hata ikikuchukua siku nzima.

Mtihani nimefaulu. Sehemu ya mwisho ilikuwa kueleza habari za mgonjwa kwa Kicheki mbele ya wazee watatu, mmoja wao daktari. Unachagua mgonjwa mwenyewe. Mimi sikuwa na wa kubuni, nikaeleza habari za Marita kama ulivyoniandikia: kilima, ndoo, kulala ameegemea ukuta, kitambaa. Nilikuwa nahangaika na miisho ya maneno tu.

Yule daktari akaweka kalamu chini. "Utotoni aliwahi kuvimba magoti na viwiko?"

Nikakumbuka mwaka ule alioshindwa kwenda shule, mama akimkanda kwa maji ya moto. Nikajibu ndiyo.

"Mgonjwa huyu yupo kweli?"

"Ni mdogo wangu."

"Ameolewa?"

"Ataolewa mwezi wa nane."

Akaanza kusema haraka na nusu ya maneno sikuyajua. Baadaye nilikaa na kamusi, neno moja baada ya jingine. Baba, ile homa ya viungo ilimharibia moyo. Ndani kuna kama mlango, kwake umekuwa mwembamba, damu haipiti vizuri inarudi mapafuni. Kwa mwanamke wa namna hiyo mimba ni hatari kubwa, kwa sababu damu huongezeka na mlango ni ule ule. Daktari hakuwa na uhakika bila kumpima, lakini hakuwa akicheka.

Nakuomba. Kabla ya harusi apelekwe Mbeya apimwe moyo. Harusi ingoje.

Mwanao,
Lusubilo

Isansa, 3 Septemba 1989

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo sote. Kahawa ya mwaka huu imekubali.

Marita ameolewa tarehe tano Agosti. Watu walijaa mpaka nje ya kanisa. Shangazi yako Priska alitoka Ikinga akacheza mpaka sauti ikamkauka. Bibi harusi alipendeza, na alikaa tu kwenye kiti, akasema amechoka kwa furaha. Sasa yuko Tunduma kwa mumewe.

Barua zako hatujaziona tangu Aprili. Njia ni ndefu.

Baba yako,
Enoka

Chekoslovakia, 12 Oktoba 1989

Baba,

Shikamoo. Nimeanza chuo kikuu.

Ina maana hukupata barua yangu ya Juni? Naandika tena kwa kifupi. Marita ana ugonjwa wa moyo. Asibebe mimba kabla ya kupimwa. Kama ameshabeba, apelekwe hospitali leo, siyo kesho. Nijibu upesi hata kwa mistari miwili.

Lusubilo

Isansa, 11 Aprili 1990

Mwanangu Lusubilo,

Nimekaa kimya miezi mingi. Mama yako hataki kusema nami, nimebaki na karatasi hii.

Marita ametutoka tarehe 27 Machi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Alivimba miguu, akashindwa kulala hata kwa kuegemea ukuta, anakaa wima akivuta pumzi. Joshua alipata gari la mizigo wakampeleka hospitali. Walijitahidi. Mtoto naye hakupona. Tumewazika hapa nyumbani, Joshua amekubali.

Sasa nikueleze. Barua yako ya Juni niliipata. Ilifika Julai tarehe ishirini. Nilikaa nyuma ya banda la kahawa nikaisoma peke yangu kama ulivyotaka. Nilielewa. Lakini mialiko ilishatoka, na nikajiuliza, binti akishajulikana ana ugonjwa wa moyo ni nani atamchukua? Nikasema huyu mtoto yuko Ulaya, amefunzwa lugha ya watu mwaka mmoja tu, pengine hakuwasikia sawasawa. Nikaiweka kwenye sanduku. Nikamwomba Mungu uwe umekosea.

Ile ya Oktoba ilifika Desemba. Alikuwa tayari ana mimba. Nikaogopa kusema, maana ningeanza kueleza tangu Julai.

Mama yako aliziona zote mbili wiki iliyopita akitafuta nguo za Marita.

Sikuombi kitu. Nimeona ujue kutoka mkononi mwangu.

Enoka

Isansa, 2 Agosti 1990

Lusubilo,

Habari za masomo? Mama yako anakusalimu. Barua yangu ya Aprili ilikufikia?

Baba yako

Praha, Chekoslovakia, 6 Januari 1991

Baba,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilinifikia. Nilichelewa kwa makusudi.

Nilikaa kuandika mara nyingi. Kwa Kiswahili sikuweza kumwambia baba maneno niliyokuwa nayo. Nikayaandika kwa Kicheki. Kwa lugha hiyo niliweza yote, hata matusi. Kurasa sita, hakuna kosa hata moja la sarufi. Nikamaliza na kukuta hakuna mtu nyumbani wa kuzisoma, nikazichana.

Baadaye ndipo nikajiuliza lile ambalo wewe hukuniuliza: kwa nini sikumwandikia Marita mwenyewe? Marita alimaliza darasa la saba. Ndiye aliyekuwa akiwasomea barua zangu zote. Wazee watatu wasiomjua niliwaeleza kifua chake na kitambaa chake, wakanipa alama ya juu kuliko wote darasani. Yeye sikumwambia neno. Nilisema asipewe barua, nikadhani namwonea huruma. Wewe uliificha kwa sababu mimi nilikuelekeza kwamba ni ya kufichwa.

Sijakusamehe, baba, sitaki kukudanganya. Mimi mwenyewe pia bado sijajisamehe. Ila sitaki tukae tena bila kuandikiana.

Nitakuja nyumbani likizo ya Julai. Nitafikia kwanza Tunduma, kwa Joshua, nimweleze mimi mwenyewe habari za barua zile mbili. Ana haki ya kujua. Kisha nitakuja Isansa tukae, wewe na mimi na mama.

Barua hii msomee mama. Yote, kwa sauti.

Mwanao,
Lusubilo