Ukurasa Kabla ya Chai

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. U hali gani? Vipi afya, na vipi kazi? Nimesikia una karakana yako mwenyewe na mafundi cherehani wanapanga foleni mlangoni kwako. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima isipokuwa macho, na hayo nitakueleza mbele. Ninakuomba tu usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Najua tangu ugombane na Baba hutaki hata kusikia nyumba yetu ikitajwa.

Mimi bado ni karani wa kupokea barua, na bado ni mwoga kama unavyonijua. Mkuu wa ofisi akikohoa tu, mimi huyo nimesimama. Lakini nina habari: siku hizi ninaandika. Kila asubuhi, kabla dirisha letu halijafunguliwa, ukurasa mmoja wa hadithi.

Nilianza kwa siri, nyuma ya karatasi zilizoharibika. Siku moja akanifuma Mama Mihuri, ndivyo tunavyomwita mama anayegonga mihuri kwetu. Nilitamani kuimeza ile karatasi. Akaniambia, "Soma, mwanangu. Hapa hatuli watu." Nikasoma. Nilipomaliza akauliza kesho itakuwaje. Nikajibu kwamba hata mimi sijui. Akasema basi niende nikajue.

Tangu hapo imekuwa desturi ya ofisi. Wakati wa chai ninawasomea ukurasa wa siku hiyo yeye, mpiga chapa na dereva. Siku nisipokuwa na ukurasa, ninaosha vikombe vyote, hata cha mkuu. Mpiga chapa ndiye mkali. Akiniona nimeduwaa asubuhi, huniuliza kama nimekuja kuandika au kupamba kiti. Dereva yeye ni wa kubembeleza. Nilipolala na homa alikuja nyumbani kunipa pole, kisha akaniomba japo mistari miwili, maana mkewe huisubiri hadithi kila jioni, na akirudi mikono mitupu hapewi amani. Nikaandika mitatu.

Bila watu hawa ningekuwa nimeshaacha. Unakumbuka shuleni nilivyokuwa nikifuta mpaka daftari linatoboka, ukanibandika jina la Kifutio. Sasa sina nafasi ya kufuta. Chai inachemka na watu wanasubiri.

Nifike kwenye lile linalonitia hofu. Hadithi yenyewe inamhusu msichana anayetengeneza vyerehani kumshinda baba yake aliyemfundisha. Baba mtu anatangaza kwamba karakana atamwachia mtoto wa kiume, ambaye hajui hata mafuta yanatiwa wapi. Msichana anafunga virago na kuondoka. Ndiyo, Dada, ni wewe. Nimekutia hadithini bila kukuomba ruhusa, na ofisi nzima inakupenda. Mama Mihuri anakuita binti yetu. Huyo mtoto wa kiume wanamwita gunia, nami, gunia lenyewe, ninacheka pamoja nao. Unisamehe.

Tena si ofisi peke yake. Macho ya Baba hayalioni tena tundu la sindano, hivyo jioni hukaa tu, hana la kufanya, na akaanza kuniomba nimsomee chochote. Nilichokuwa nacho mkononi ni kurasa hizo. Kwa woga wangu, nikimsomea ninageuza kila cherehani kuwa baiskeli, nikijiona mjanja kweli. Alisikiliza jioni nyingi. Nikinyamaza ananiambia, "Endelea, mwanangu, usilale." Asubuhi nisipoamka mapema, ndiye anayegonga mlango wangu na kuniuliza ukurasa u wapi.

Juzi nikafika pale msichana anapoondoka akilia. Baba akaniambia taratibu kwamba hapo nimekosea. Hakulia. Alizifuta bisibisi zote, akazipanga kwa ukubwa wake, ndipo akatoka. Kisha akaongeza kwamba tangu azaliwe hajaona baiskeli inayotungwa uzi.

Nilikosa pa kuuficha uso. Lakini hakukasirika. Aliniomba niandike kwamba yule baba alimfuata binti yake akamwomba radhi. Na mimi, Dada, mimi ninayeogopa kikohozi, nikamkatalia. Nilimwambia ninaweza kutunga mvua, safari na hata harusi, ila radhi yake siwezi kumtungia. Nikafumba macho nikisubiri anifokee. Badala yake akasema kwamba hajaandika barua tangu alipokuwa akimposa marehemu Mama, na mkono umeshasahau. Nikamvutia kiti, nikampa kalamu, nikamwambia aandike herufi kubwa, mimi nitamshikia karatasi.

Ofisini nimewaeleza kwamba hadithi imesimama, kwa kuwa ukurasa unaofuata si wangu wa kubuni. Mpiga chapa alinuna, halafu akaenda akaniletea bahasha hii. Usidhani tunakulazimisha. Usipotaka kuja, niandikie hivyo hivyo. Nitakuelewa, na Baba nitamwambia mwenyewe.

Uwasalimie wote ulio nao hapo, na kama una wanafunzi uwaambie wana bahati ya kufundishwa na mkono wako. Ukipata nafasi ujipumzishe, usiinamie vyerehani kutwa nzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kifutio

Huu hapa chini ni mwandiko wa Baba. Mistari imepanda mlima, lakini sikumsahihisha hata herufi moja.

MWANANGU NILIKOSEA. KARAKANA NI YAKO. MDOGO WAKO ANAANDIKA VIZURI LAKINI JANA AMEPAKA MAFUTA MKANDA WA CHEREHANI, UNATELEZA. NJOO. BABA YAKO.