Manassé Hakunywaka

Butembo, tarehe 9 mwezi wa sita

Kwako ndugu Sadrack,

Nakusalimia mu jina ya Bwana, wewe na bibi yako mama Kasika na batoto yenu batatu. Natumaini barua hii itabakuta bote bazima, na kama mule Beni munalala usingizi sasa bila kukimbia vita. Hapa Butembo siye tuko. Mama yangu mugongo ingali inamusumbua, mais hata hivyo shamba haiachi. Mimi ningali infirmière, nauguza bagonjwa ku centre ya afya ileile. Kazi ni mingi, mvua ni mingi, matope inafika mu goti. Ukiuliza afya yangu, mwili ni muzima. Roho tu njo inachemka, na ni juu yako.

Ulinipigia simu mara tatu, sikujibu. Kwa simu unashinda batu bote kwa maneno, unaanza kuomba Mungu mbele mutu amalize kusema. Njo maana nimeandika. Barua haikatwi maneno. Uisome peke yako mpaka mwisho, maana kule mwisho kuko neno moja yenye wewe mwenyewe haujue.

Mwezi uliopita, jumapili nyuma ya ibada, nilikuwa napiga pasi blouse yangu ya kazi. Radio ilikuwa inasema. Mutangazaji akasema sasa tutasikia ushuhuda ya évangéliste Sadrack Muyisa, ku campagne ya Beni, ile mikutano ya injili. Nilifurahi, sitakuficha. Nikaita Mama, nikamuambia akuje asikie Sadrack yetu. Ukaelezea maisha yetu ya chuo, vile tulikunywaka, vile ulilala mu mufereji na kiatu moja, na batu bakacheka sana. Uko na kipaji. Halafu ukashusha sauti. Ukasema kulikuwa mwenzako moja, jina unamufichia, mutoto ya kijiji ya Masereka, mulevi kushinda bote, alikunywa mpaka pombe ikamutoboa macho. Ukasema leo eko kipofu, na ni alama yenye Mungu ameweka mbele ya vijana. Batu bakapiga mikono. Bakaimba. Blouse yangu ikaungua chini ya pasi na sikuona, ni Mama alisikia harufu.

Jina ulificha! Sadrack, ku Masereka kuko bipofu ngapi benye balisomaka Butembo? Unaficha jina ya mutu na unaonyesha batu mulango ya nyumba yake?

Mulevi kushinda bote. Manassé! Mutu mwenye hakuwekaka hata bière moja ku mudomo. Kama Bwana alikusamehe zambi, sawa, mais sikusoma fasi yenye Bwana anamupatia mutu ruhusa ya kuweka zambi yake ku kichwa ya mwingine.

Acha nikukumbushe, sababu naona wokovu ilikula kumbukumbu yako. Tulikuwa batatu kule Furu, hapa Butembo, mu lupango, mu kiwanja ya Mama Vagheni mwenye nyumba: wewe, miye na Manassé, kila mutu na chumba yake. Nakubali, tulifurahi. Sitaandika hapa uongo kama vile kila kitu ilikuwa machozi. Tulianzaka ijumaa na kasiksi, pombe ya ndizi, jumamosi bière, jumapili tunaimba ku chorale na miwani nyeusi juu ya macho mekundu. Nilicheza mpaka viatu bikapasuka. Na kila mara ni nani alitufungulia mulango? Ni nani alinibeba ku mugongo kutoka carrefour, pale njia panda, mvua inanyesha, mimi nikimutapikia mu shingo? Manassé. Aliletaka viazi ya Masereka, akatupikia. Alituandikia notes ya masomo. Mu sherehe alikuwa na sucré yake, soda tu, mu mukono, na alicheza kutushinda bote bila kulewa. Ulimuitaka Shemasi, juu baba yake, Muzee Ésaïe, alikuwa shemasi. Alicheka tu.

Siku ya proclamation ya matokeo ya mitihani, saa sita ya mchana, balisoma majina. Manassé: distinction, alama za juu. Wewe: session ya pili, kurudia mitihani. Mimi nilipita kwa neema. Saa nane tulikuwa mu lupango ya Mama Vagheni, batu kama ishirini, muziki juu. Ukarudia na chupa ya plastiki, kanyanga, ile pombe kali yenye banapika kwa kificho, yenye hata muuzaji hajue ndani bametia nini. Ukasema leo mutoto ya shemasi atabatizwa. Tulicheka. Sikatae, nami nilicheka. Ile kanyanga ikaingia mu sucré yake, akainywa kwa kiu juu alikuwa amecheza sana. Akacheza tena, anaanguka anasimama, na siye tunapiga mikono, tunaimba Shemasi, Shemasi. Saa kumi na moja alilala chini, tukamufunika kitenge.

Kesho yake asubuhi aliketi ku kitanda, akaniuliza: «Elsa, juu ya nini mu nyumba kuko moshi?»

Moshi haikukuwa. Tulicheka tena. Mimi nilikuwa mwaka ya pili ya masomo ya uuguzi, Sadrack! Nilimuambia anywe maji, alale. Siku yenye ilifuata hakuona hata fasi dirisha iko. Alilia, akaomba tumupeleke ku hôpital. Wewe ukasema hapana, juu kanisa yenye ilikulipia masomo itasikia na utafukuzwa. Ukafunga kufuli inje ya mulango yake. Mama Vagheni akauliza, ukamuambia Manassé amepanda Masereka. Nilikuwa nasimama pale. Nikarudia mu chumba yangu.

Kesho yake tena, Mama Vagheni alisikia anagonga ukuta. Alivunja ile kufuli na nyundo, akaita motard na pikipiki yake, akamukalisha katikati na kumushika mpaka hôpital. Mama mwenye hakusoma. Munganga akasema ile kanyanga ilikuwa na sumu ya kuua macho, na kama tungemufikisha ile siku ya kwanza, pengine kitu ingebakia. Nilikumbuka ile neno kila siku ya kazi yangu, tangu miaka tisa. Wewe mu ushuhuda yako sikusikia kufuli. Labda saa haikutosha.

Na Muzee Ésaïe? Haukumusema pia. Alishuka kutoka Masereka na koti yake ya kanisa, kuchukua mutoto yake. Alisimama mu lupango, akamushika Manassé mukono, akatuuliza kwa upole: batoto yangu, nyinyi munamujua kunishinda hii miaka, je, alikunywaka? Ukajibu ndiyo. Manassé akageuza kichwa, anatafuta fasi niko. Akasema: «Elsa?» Jina tu.

Nikajibu: «Ndiyo, Muzee. Alikunywaka kwa kificho.»

Manassé akaapa kama alikunywa sucré tu. Muzee akamuambia asiongeze uongo juu ya zambi. Bakaenda. Nilibaangalia mpaka ku kona ya barabara, muzee mbele, kijana nyuma, anapapasa chini na kiguu kama mutu anavuka mutoni.

Sasa sikia yenye imefanyika nyuma ya radio yako. Wiki mbili zilizopita nilipanda Masereka. Mara ya kwanza tangu miaka tisa, donc usiniite mutakatifu. Nilimukuta dada yake Rébecca ku mulango. Alijua mimi ni nani na hakunipatia kiti. Alinielezea kama kanisa ilimutengaka Manassé ku meza ya Bwana, baba yake mwenyewe alisoma barua ya kumutenga. Mu nyumba muzee hakuombaka tena pamoja naye. Wakati alikuwa anakufa, miaka mbili sasa, aliita batoto yake kila mutu kwa jina yake, akabaweka mukono ku kichwa. Manassé alikuwa amepiga magoti ku mwisho ya mustari. Mukono haikufika kwake.

Mwaka jana muchungaji mupya alimuonea huruma, akamupatia chorale ya batoto. Eti alibafundisha kuimba sauti nne, batoto ya miaka saba! Bazazi balikuwa banakuja mbele ya ibada kubasikiliza. Halafu wewe ukasema ku radio. Jumapili yenye ilifuata, batoto nne tu ndio balikuja. Jumapili ingine, hata moja. Bazee bakaketi, bakamuambia apumuzike kwanza. Unasikia, évangéliste? Kazi moja yenye ilimubakilia, umeiua na microphone, na batu bakakupigia mikono.

Sasa nafika ku ile neno yenye haujue.

Unajuaka kama ni wewe ulimimina ile kanyanga. Ile asubuhi ya moshi uliniuliza kwa siri kama ni wewe, juu ulikuwa haukumbuke kitu tangu saa nane. Nikakujibu ndiyo, ni wewe. Ulilia, ukapiga kichwa ku ukuta. Nadhani njo pale ulianza njia ya kuokoka.

Haikukuwa wewe. Ulifungua ile chupa, ukanusa, ukasema inanuka kama rangi ya nyumba, haifae mutu. Ukaitupa nyuma ya jikoni, ukaenda kucheza. Ni mimi niliiokota. Ni mimi nilimimina, na sikumimina kwa mchezo. Ile asubuhi, mbele ya proclamation, nilikuwa nimemuambia Manassé kama ninamupenda. Alinijibu kwa heshima kama yeye pia ananipenda, mais hawezi kupeleka kwa baba yake binti mwenye anabebwaka ku mugongo kila ijumaa. Ilinichoma, juu ilikuwa kweli. Nilitaka naye alewe, aanguke mbele ya batu, abebwe. Njo nilichukua chupa yenye wewe ulitupa. Na nyuma ya ile yote, nilikuachia wewe muzigo miaka tisa, nikakusikia unaibeba, nikanyamaza.

Donc ile kasirani yenye umesoma toka juu, nusu ni yangu mwenyewe. Mais kufuli ni yako. Neno kwa Muzee ni yetu bote mbili. Na radio ni yako peke yako.

Nilimuelezea Manassé yote. Alikuwa anachagua viazi ya mbegu, anazipima na vidole, kubwa huku, ndogo huku. Hakusimamisha mikono. Nilipomaliza akasema: «Sema tena ile, lakini ku kanisa.» Jumapili nikasema, mbele ya bote, na jina yangu na jina ya baba yangu. Bamama bengine balinitemea mate chini. Muchungaji alitaka kuomba juu ya musamaha, Manassé akamuomba angojee. Akaniambia nimushike mukono mpaka ku kaburi ya Muzee, kando ya shamba ya viazi, na niseme tena pale. Nikasema. Akaniambia nipandishe sauti, juu Muzee hakukuwaka anasikia muzuri siku zake za mwisho. Nikapiga kelele kama mwenda wazimu, kanisa yote inasimama ku barabara inaangalia: Muzee, mutoto yako hakunywaka, ni mimi Elsa nilimutilia, nilikudanganya!

Manassé alisikiliza mpaka nikanyamaza. Akatoa mukono yake mu mukono yangu. Akasema: «Sawa. Sasa enda.» Nikaenda. Hakuniita.

Sikuombe uniandikie. Nakuomba urudie ku radio ile, saa ileile, useme kufuli, useme neno yenye tulimujibu Muzee, na safari hii utaje jina yake kwa nguvu: Manassé hakunywaka. Halafu panda Masereka. Kama jumapili mbili zinapita na sijasikia, nitapanda pikipiki mpaka Beni, nitasimama katikati ya campagne yako na nitasema mimi, na utachagua mwenyewe kama utanikatia microphone mbele ya bibi yako na batoto yako.

Mama anakusalimia. Hajue bado yenye iko mu barua, anasema kila siku uko mutoto muzuri. Musalimie mama Kasika, na ubusu batoto kwa niaba yangu, bao hawana kosa. Bwana akulinde mu barabara ya kupanda Masereka.

Ni mimi mwenzako wa Furu,

Elsa Kavugho